Taa Yako ya LED Inagoma: Dalili, Chanzo na Dawa kwa Anayejifunza Arduino

Kila anayejifunza kutengeneza taa zake mwenyewe kwa Arduino, ile bodi ndogo unayoiandikia programu, hufika mahali taa inagoma. Jana iliwaka vizuri, leo kimya. Au inawaka, ila rangi siyo ile uliyoandika. Wengi wakifika hapo huanza kubahatisha: wanachomoa waya huu, wanafuta mstari ule wa programu, wanabadilisha LED, vyote kwa mpigo mmoja. Hata taa ikipona hawajui ni kipi kilichoiponya, na wiki ijayo wanarudi pale pale.

Jumamosi huwa nakaa barazani na vijana wa mtaani kwetu: meza moja, pasi moja ya kulehemu, boksi la vipuri. Jambo ninalowasisitizia kuliko yote ni kuieleza dalili. "Haifanyi kazi" si dalili. "Inawaka na kuzima kwa nusu dakika, kisha inabaki imewaka tu, mwanga umepungua," hiyo ni dalili, na kosa lake nalijua kabla sijaiona bodi. Tutalifikia huko chini. Kwa hiyo kabla hujagusa kitu jiulize: imeanza lini, baada ya muda gani, LED ipi, na mara ya mwisho nilibadilisha nini? Kisha kagua kwa mpangilio huu huu kila siku: umeme kwanza, nyaya pili, programu mwisho. Mwanafunzi hupenda kuanza na programu kwa sababu ndiyo iliyo mbele ya macho yake, lakini makosa mengi ninayokutana nayo pale mezani yako kwenye umeme na nyaya.

Tafuta mita ya kupimia volti, hata ile ya bei ya chini kabisa. Na jambo moja kabla ya yote: kila ninachoeleza hapa ni cha volti 5 au 12. Umeme wa ukutani, volti 230, usiuingize kwenye kazi hii. Iache chaja iliyofungwa vizuri ikushushie.

Programu haipandi kwenye bodi

Unabonyeza kupakia, inazunguka, kisha yanatokea maandishi mekundu yenye maneno "not in sync". Maana yake kompyuta imeita na bodi haijaitika. Mara nyingi bodi ni nzima.

Anza na kebo. Kebo nyingi za kuchajia simu zina nyaya mbili tu ndani, za umeme. Zile mbili za data hazimo. Taa ya bodi itawaka na utaamini kebo ni nzima, kumbe kompyuta haioni kitu. Tumia kebo ambayo umewahi kuhamishia picha kutoka kwenye simu.

Kebo ikiwa nzima, angalia poti. Bodi nyingi za bei nafuu hutumia chipu ya CH340 kuzungumza na USB, na kompyuta isiyo na draiva yake haitaonyesha poti yoyote. Chomeka bodi, fungua orodha ya poti, chomoa, fungua tena: poti iliyotoweka ndiyo yako. Kama una Nano, ile Arduino ndogo, na poti inaonekana lakini bado inakataa, nenda kwenye menyu ya Processor uchague "ATmega328P (Old Bootloader)". Nimeona watu wawili wametupa Nano nzima kwa kukosa kujua mstari huo mmoja wa menyu.

Mwisho, chomoa chochote ulichounga kwenye pini 0 na 1. Pini hizo ndizo bodi inazotumia kuzungumza na kompyuta. Ukiweka LED au kitufe hapo, umeingilia mazungumzo yao.

LED moja haiwaki, au inawaka kama kaa linalozimika

Ikiwa haiwaki kabisa, igeuze kwanza. Mguu mrefu ni chanya. Upande wa ukingo uliokatwa bapa ni hasi. Kuiunga kinyume kwa volti 5 kwa dakika moja kwa kawaida hakuiui.

Ikiwa bado, ipime nje ya Arduino: ichukue LED na rezista yake (kizuizi cha mkondo), uziunge moja kwa moja kati ya pini ya 5V na GND (upande wa hasi, sifuri ya volti). Ikiwaka hapo, LED na rezista ni nzima, tatizo liko kwenye pini au programu. Isipowaka, huna haja ya kufungua programu kabisa. Jaribio hili linachukua nusu dakika na linakata tatizo katikati, ndiyo maana nalipenda.

Angalia pia bredibodi yako, ile ya matundu unayochomekea vipuri bila kulehemu. Zile ndefu, nyingi njia zake za umeme za pembeni zimekatika katikati. Mstari mwekundu uliochorwa nao unaachana mahali hapo ukitazama kwa makini. Upande wa kushoto una umeme, wa kulia hauna. Waya mfupi wa kuunganisha pande mbili unamaliza kazi.

Sasa ile ya mwanga hafifu mno, ambao unauona tu ukiziba kwa kiganja. Hii ina chanzo kimoja ambacho nakiona kila mwezi: umesahau `pinMode(9, OUTPUT);`. Pini ambayo hujaitangaza kuwa ya kutoa hubaki kuwa ya kupokea. Ukiiandikia HIGH, yaani washa, Arduino Uno haitoi umeme kamili bali inawasha rezista yake ya ndani ya kati ya kilo-ohm 20 na 50, na kupitia hapo linapita tone tu la mkondo. LED inapata karibu sehemu ya kumi tu ya miliampea moja. Si kwamba imekufa, ina kiu.

Na kama LED nyekundu inawaka vizuri kwenye betri mbili ndogo lakini nyeupe haiwaki au inafifia, usiidhanie mbovu. Nyekundu inataka kama volti 2. Nyeupe inataka karibu 3 au zaidi, kwa sababu ndani yake ni LED ya bluu iliyopakwa unga wa njano unaogeuza sehemu ya mwanga huo. Ndiyo sababu LED ya bluu iliposubiriwa, taa nyeupe nayo ilisubiri. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Nobeli ya Fizikia mwaka 2014 kwa kuipata hiyo ya bluu. Betri mbili zilizotumika kidogo hazifiki volti 3, basi nyekundu itakula na nyeupe italala njaa.

Iliwaka sana, ikanuka, ikafa

Hukuweka rezista. LED haijui kujizuia. Ukiipa volti 5 bila kizuizi inavuta hadi iungue, na pini ya Arduino inaweza kuondoka nayo. Hesabu ni nyepesi: toa volti za LED kwenye 5, gawa kwa mkondo unaoutaka. Nyekundu kwa miliampea 15: 5 toa 2 ni 3, gawa kwa 0.015, unapata ohm 200, basi weka 220. Pini moja ya Uno usiivutie zaidi ya miliampea 20 kwa kazi ya kila siku. 40 ndio ukingo wa kuharibika, na ukingo si mahali pa kuishi.

Ukitaka LED nyingi kuliko hapo, pini isibebe mzigo. Iamrishe tu transista, transista ndiyo ibebe.

Mkanda wa rangi: kichwa cheupe, mkia wa njano, bodi inajizima

Tuseme umenunua mkanda wa WS2812B, ule ambao kila LED ina chipu yake ndani na unaipa rangi moja moja. Ni mkanda mtamu sana kwa taa ya chumbani, na ndio unaotoa machozi wengi. Umeuunga kwenye pini ya 5V ya Uno, Uno iko kwenye USB ya laptopu. Rangi nyekundu inawaka mkanda mzima. Ukiandika nyeupe, mwanzo ni mweupe, katikati unaelekea njano, mwisho ni wekundu wa machungwa. Mara bodi inajianzisha upya, mkanda unazima, unawaka, unazima.

Chanzo ni hesabu ambayo haikufanywa. Kila LED ya mkanda huo ikiwa nyeupe kwa nguvu zote inaweza kuvuta hadi miliampea 60: 20 za nyekundu, 20 za kijani, 20 za bluu. Mkanda wa LED 60 ni miliampea 3,600, yaani ampea 3.6. Poti ya kawaida ya USB kwenye laptopu inatoa miliampea 500. Unaomba mara saba ya kilichopo. Volti zinaanguka, ATmega, chipu kuu ya bodi, inashindwa kusimama, inajianzisha upya. Inapojianzisha mkanda unazima, mzigo unapungua, volti zinapanda, inawasha tena mkanda, zinaanguka tena. Huo mzunguko ndio unaouona. Uno pia ina fyuzi yake ya miliampea 500 kwenye njia ya USB. Ikikata, iache ipoe, inarudi yenyewe.

Rangi ya mkiani nayo ina sababu yake. Njia za shaba za ndani ya mkanda ni nyembamba, na kila hatua inakula volti kidogo. Niliwahi kupima mkanda wa mita 5 uliolishwa upande mmoja: kichwani mita ilisoma 4.9, mkiani 3.6. Kwa volti hizo nyekundu bado inashiba, lakini bluu na kijani zinaanza kukosa. Nyeupe iliyokosa bluu ni njano. Ikikosa na kijani, ni nyekundu. Kwa hiyo rangi yenyewe inakuambia volti zimefika ngapi, hata kama mita umeisahau nyumbani.

Dawa ni hizi, na usiruke hata moja. Mkanda upate chaja yake ya volti 5 yenye ampea za kutosha, nayo ilishe mkanda moja kwa moja, si kupitia bodi. Ukizidi mita moja au mbili, peleka nyaya za 5V na GND hadi mkiani pia, mkanda ulishwe kwa pande zote mbili. Pale mwanzoni mwa mkanda weka kapasita ya maikrofaradi 1,000 kati ya 5V na GND, uangalie upande wake wa hasi. Kwenye waya wa data weka rezista ya kati ya ohm 300 na 500.

Halafu punguza mwanga ndani ya programu. Kwa maktaba ya FastLED (maktaba ni programu iliyoandikwa tayari unayoiita kwenye yako) mstari huu unaweka kikomo cha matumizi, na maktaba yenyewe itapunguza mwanga kila rangi zinapotaka kukivuka:

```
FastLED.setMaxPowerInVoltsAndMilliamps(5, 1500);
```

Namba 1500 ni miliampea unazoruhusu. Kama chaja yako imeandikwa ampea 2, usiandike 2000. Maandishi ya kwenye chaja nyingi ni ya matumaini, basi iachie nafasi ya kupumua. Ishike kwa mkono baada ya robo saa: vuguvugu ni sawa, ikikuunguza umezidisha.

Mkanda unaonyesha rangi za ajabu

Umeme upo wa kutosha, lakini LED zinawaka ovyo ovyo, rangi zinarukaruka kama za kwenye disko.

Swali la kwanza: GND ya chaja na GND ya Arduino zimeungana? Wengi wakiweka chaja ya pembeni wanaunga nyaya mbili za mkanda kwenye chaja na waya wa data kwenye Arduino, basi. Data inakuja, lakini mkanda haujui sifuri iko wapi, na volti haina maana bila mahali pa kuanzia kuhesabu. Waya mmoja mweusi kati ya GND hizo mbili, na fujo yote inatulia. Katika dalili hii, mara nyingi nimemaliza kazi hapo.

La pili, mshale. Juu ya mkanda kuna vishale vidogo vinavyoonyesha data inakoelekea. Ukiunga kwenye upande wa kutokea hakutawaka kitu.

La tatu ni kwa wanaotumia ESP32 au ESP8266. Bodi hizo zinatoa volti 3.3 kwenye pini, wakati WS2812B iliyolishwa volti 5 inataka ishara ya angalau asilimia 70 ya volti zake, yaani 3.5. Uko chini ya mstari kwa nywele. Siku nyingine itakubali, siku nyingine itakataa, na hiyo ndiyo dalili yenyewe: taa yenye siku njema na siku mbaya bila sababu. Chipu ya 74AHCT125 kati ya bodi na mkanda inainua ishara hadi volti 5 na siku mbaya zinakwisha.

Kama rangi hazirukiruki ila zimebadilishana tu, umeandika nyekundu inakuja kijani, hilo ni dogo. WS2812B hupokea kijani kwanza, kisha nyekundu, kisha bluu. Badilisha RGB iwe GRB kwenye mpangilio wa maktaba.

Na kama mkanda mzima umekufa ghafla, usiutupe. Data inapita LED moja hadi nyingine. Ya kwanza ikiungua, zote nyuma yake zinakosa habari. Kata ya kwanza, lehemu nyaya kwenye ya pili. Nimeokoa mikanda mingi kwa mkasi.

Kuna moja zaidi ya mkanda, ambayo watu huilaumu kwenye nyaya na haiko huko. LED 60 zinawaka. Umeongeza mkanda hadi 700, ukabadilisha namba kwenye programu, ikapanda bila malalamiko, na sasa hakuna hata moja inayowaka. Kila LED inahitaji baiti 3 za kumbukumbu. 700 ni baiti 2,100. Uno nzima ina 2,048. Maktaba nyingine huomba nafasi hiyo bodi ikishawaka, kwa hiyo kompyuta haikuweza kukuonya. Punguza LED, au hamia ESP32 yenye kumbukumbu kubwa.

Mkanda wa volti 12 hauwaki kwa nguvu zote na transista inachemka

Soma namba iliyo kwenye mgongo wa MOSFET yako, ile transista inayobeba mzigo wa mkanda. Kama ni IRFZ44N au IRF540N, umepata jibu. Hizo zinafunguka kikamilifu kwa volti 10 kwenye geti, mguu wake wa kupokea amri, na Arduino inazo 5. Mlango uko nusu wazi, mkondo unajipenyeza kwa shida, na shida hiyo ndiyo joto. Tafuta IRLZ44N, ile herufi L katikati ndiyo inayokuambia kwamba volti 5 zinaitosha. Dukani ukiambiwa "ni ile ile tu," si ile ile.

Weka na rezista ya kilo-ohm 10 kati ya geti na GND. Bila hiyo, kwa muda mfupi ambao Arduino inaamka na pini bado haijatangazwa, geti linaelea na taa inamweka yenyewe.

Bodi inachemka ikiwa kwenye betri ya sola

Betri ya volti 12 inapochajiwa na paneli hupita volti 14. Uno ikipewa hizo inabaki na 5 na kuteketeza 9 zilizobaki kuwa joto. Kwa miliampea 150 hiyo ni zaidi ya wati moja kwenye kipande kidogo kuliko ukucha. Nunua moduli ya kushusha volti yenye LM2596, zungusha skrubu yake huku mita ikiwa kwenye kutokea hadi isome 5, ndipo uunge kwenye pini ya 5V. Ukiunga kabla ya kupima, moduli ikiwa bado inatoa 12, bodi imekwenda.

Pawabenki inazima taa yenyewe usiku

Pawabenki nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo, zikidhani simu imejaa. Nano na LED moja ni mzigo mdogo. Taa ikiongezwa mwanga haizimi, ikipunguzwa inazima baada ya muda: ukiona hivyo ndiyo hii. Tafuta pawabenki yenye hali ya vifaa vidogo. Programu yako haina kosa.

Kitufe kinajibonyeza, au kimoja kinahesabiwa vitatu

Ukisogeza mkono tu taa inabadilika? Pini ya kitufe haikushikwa. Kitufe kisipobonyezwa, waya unaelea na kunasa kila ishara ya hewani kama antena, pamoja na ya umeme wa nyumba. Andika `pinMode(2, INPUT_PULLUP);`, unga kitufe kati ya pini 2 na GND, na ukumbuke kwamba sasa kikibonyezwa kinasoma LOW.

Kikihesabu mara tatu kwa kubonyeza mara moja, ni vile vyuma vya ndani vinavyodunda vinapogusana, kama mpira unaoanguka sakafuni. Ukishaona mabadiliko, puuza mengine kwa milisekunde 50.

Na kama kitufe hakisikii mpaka ukikandamize kwa muda mrefu, tazama `delay`. Programu iliyoandikwa `delay(2000)` imelala usingizi sekunde mbili, na aliyelala hajui mlango umegongwa. Hapo ndipo tunahamia `millis()`, na hapo ndipo linapozaliwa kosa nililoahidi.

Inafanya kazi kwa nusu dakika, kisha inabaki imewaka

Binti mmoja wa kidato cha pili alikuja na taa yake ya kitandani ndani ya kopo la maziwa alilolitoboa vizuri kwa msumari, nyota nyota.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Inafanyaje?"

"Inaharibika yenyewe."

"Baada ya muda gani?"

Hakuwa amepima. Nikamwambia achukue simu, aweke saa ya kuhesabu. Sekunde 33. Tukaizima, tukaanza upya: 33. Mara ya tatu, 33. Nikamwambia, kitu kinachoharibika kwa sekunde zile zile kila mara si waya uliolegea, waya haubebi saa. Tukaiacha pasi ya kulehemu, tukafungua programu. Sehemu yenyewe ilikuwa hii:

```
int mwisho = 0;
bool hali = false;

void loop() {
  if (millis() - mwisho >= 500) {
    mwisho = millis();
    hali = !hali;
    digitalWrite(9, hali);
  }
}
```

Isome vizuri, maana kila mstari unaonekana sawa. `millis()` inahesabu milisekunde tangu bodi iwake. Kila zikipita 500, taa inageuzwa na muda unaandikwa kwenye `mwisho`. Kosa ni neno la kwanza kabisa, `int`. Kwenye Uno, `int` ni chombo kinachobeba mpaka 32,767, hakiongezeki hata kimoja. Kwenye sekunde ya 33 `millis()` inasema 33,000. Chombo kinafurika na kinachobaki ndani ni namba hasi, -32,536. Sasa toa: 33,000 toa hasi 32,536 ni 65,536. Hiyo ni zaidi ya 500? Ndiyo. Na mzunguko unaofuata? Ndiyo tena. Kuanzia hapo sharti ni kweli daima, taa inageuzwa maelfu ya mara kwa sekunde, jicho haliwezi kufuata, na unachoona ni taa iliyotulia yenye mwanga uliopungua, kwa sababu nusu ya muda imezimwa.

Dawa ni maneno mawili:

```
unsigned long mwisho = 0;
```

Chombo hicho kinabeba zaidi ya bilioni 4, yaani karibu siku 50 za milisekunde. Na hata zikifika, utoaji ulioandikwa kwa mtindo huu wa `millis() - mwisho` unavuka salama. Alibadilisha, akapakia, tukakaa kimya tunaangalia simu. Sekunde 33 ikapita. 40. Alipiga makofi. Mimi pia nilifurahi, maana alikuwa ameipata kwa kupima.

Programu hiyo hiyo ukiiweka kwenye ESP32 haitakuonyesha kosa kwenye sekunde ya 33, kwa kuwa huko `int` ni chombo kikubwa zaidi. Ndiyo maana programu ya rafiki yako inaweza kukubali kwake na kukataa kwako, neno kwa neno.

Mwanga unaruka badala ya kupanda taratibu

Umeandika luupu ya 0 hadi 255, lakini taa inaruka hadi karibu kujaa, kisha sehemu yote iliyobaki huoni tofauti. Arduino imetii, ni jicho letu ambalo huona vizuri mabadiliko ya mwanga mdogo na kuyapuuza ya mwanga mkubwa. Ipinde namba kabla ya kuituma:

```
analogWrite(9, (long)b * b / 255);
```

Ile `(long)` usiiondoe: 255 mara 255 ni 65,025, na umeshajua chombo cha `int` kinaishia wapi.

Ukirekodi taa kwa simu ukaona mistari inapita kwenye video, pini yako inazima na kuwasha kama mara 490 kwa sekunde. Kwenye Uno hamishia pini 5 au 6, ambazo zinakwenda kama mara 980, mistari itapungua.

Taa ya jioni inawaka na kuzima bila kutulia

Hii ni ya wale waliofika mbali: umeweka kihisi cha mwanga, LDR, upande mmoja kwenye 5V, mwingine kwenye A0, na rezista ya kilo-ohm 10 kutoka A0 kwenda GND. Giza likiingia taa iwake. Mchana inatulia, usiku wa manane labda nayo inatulia, lakini saa kumi na mbili na nusu jioni inawaka, inazima, inawaka, inazima.

Fikiria kihisi kinachoona. Giza, taa inawaka. Taa ikiwaka kihisi kinaona mwanga, kinasema kumekucha, taa inazima. Ikizima, giza. Kinaidanganya bodi kwa mwanga wa taa ile ile. Hata ukikificha, bado jioni mwanga unashuka polepole na kuchezacheza kwenye namba ile moja uliyoiweka kuwa mpaka, mara juu, mara chini yake.

Kwa hiyo weka mipaka miwili badala ya mmoja. Na usiikisie; subiri usiku uwe mzito, washa taa kwa nguvu zote, soma namba ya A0 kwenye Serial Monitor, lile dirisha la kompyuta linaloonyesha namba zinazotumwa na bodi. Tuseme inasoma 380. Hiyo ndiyo taa ikijiona yenyewe. Mpaka wa kuzimia lazima uwe juu ya hapo, kwa nafasi:

```
int mwanga = analogRead(A0);
if (!inawaka && mwanga < 250) inawaka = true;
if (inawaka && mwanga > 500) inawaka = false;
digitalWrite(9, inawaka);
```

Taa iliyozimwa itasubiri mpaka chini ya 250. Ikishawaka, 380 yake yenyewe haitaizima. Asubuhi ikipita 500 ndipo itazima. Kisha kata kipande cha sentimita tatu cha ganda la kalamu, kipake wino mweusi ndani, kivike LDR na ukielekeze angani, mbali na taa. Soma A0 tena. Yangu ilishuka kutoka 380 hadi 60.